Bunge, kijiji, kikundi au baraza: nani alibeba sauti ya umma katika fikra za mapinduzi ya Urusi?

Anayeanza kusoma fikra za mapinduzi ya Urusi hukwama mapema, na wengi hukwama mahali pamoja: kila upande unasema kwa jina la umma. Waliomuua Tsar Alexander II mwaka 1881 walijiita Narodnaya Volya, yaani Utashi wa Umma. Waliolifunga Bunge la Katiba mwaka 1918 walilifunga kwa jina la wavujajasho, na waliofungiwa mlango wakalalamika kwa jina la wapiga kura. Bakunin, aliyetaka dola ivunjwe yote, naye alisema ndivyo umma unavyotaka, ila haujapata nafasi ya kusema. Kama una insha ya kuandika, mdahalo wa kujiandaa, au kundi la kusoma linalotafuta pa kuanzia, itabidi uchague mmoja wa kumshika kwanza. Hapa nawaweka wanne mezani.

Tuanze na maneno, kwa sababu nusu ya mkanganyiko imo humo. Neno la Kirusi *narod* hutafsiriwa "watu" au "umma", lakini masikioni mwa msomi wa karne ya 19 lilikuwa karibu zaidi na "walalahoi" kuliko "wananchi". Narod ni mkulima wa kijijini. Mwenye elimu, hata awe fukara, hakujihesabu humo. *Volya* nayo ina maana mbili kwa pamoja: utashi, na uhuru ule wa kutokuwa na bwana. La tatu ni *samoderzhavie*, neno la enzi ya tsar, anayeshika mamlaka mwenyewe bila kupewa na binadamu yeyote. Mwaka 1903 chama cha Wasoshalidemokrasia kililinyakua neno hilohilo na kuandika katika programu yake kwamba kinataka *samoderzhavie* ya umma. Ni kama kumvua mfalme kilemba na kumvika mkulima. Sisi tuliozoea kusoma katika katiba kwamba wananchi ndio msingi wa mamlaka yote tunaweza kuipita sentensi kama hiyo bila kushtuka. Huko, hata sheria kuu za mwaka 1906 bado zilitamka kwamba kumtii tsar ni amri ya Mungu mwenyewe. Aliyesema "enzi ya umma" alikuwa anagusa siasa na msikiti, au tuseme kanisa, kwa mpigo mmoja.

(Tarehe za kabla ya Februari 1918 ninazitaja kwa kalenda ya zamani ya Urusi.)

Vigezo

Nitamuuliza kila mmoja maswali yaleyale. Kwanza, umma ni nani: nani yumo, nani hayumo? Pili, sauti yake inasikika kwa njia gani: kura, mkutano wa kijiji, mgomo, au mtu anayeisema kwa niaba yake? Tatu, ambalo kwangu ndilo linalopima uzito wa mengine yote: umma ukisema "hapana" kwa wale wanaodai kuupigania, wanafanya nini? Mwisho nitasema fikra hiyo inamfaa msomaji wa aina gani.

Sikuweka kigezo cha "nani alishinda". Aliyeshinda tunamjua, na kushinda si hoja.

1. Bunge la Katiba: umma husema kwa kura

*Umma ni nani.* Wote, bila kujali tabaka. Wazo hili lina mizizi mirefu kuliko watu wanavyodhani. Nikita Muravyov, mmoja wa maofisa waliopanga uasi wa Desemba 1825, aliandika rasimu ya katiba iliyosema chanzo cha mamlaka ya juu ni umma. Palepale akaweka masharti ya mali kwa anayetaka kushika vyeo, kwa hiyo umma wake ulikuwa na mifuko. Miaka 54 baadaye programu ya Narodnaya Volya iliyaondoa masharti hayo: kura kwa wote, uhuru wa kusema na wa dhamiri, ardhi kwa wakulima, viwanda kwa wafanyakazi, na juu ya yote Bunge la Katiba litakaloamua umbo la nchi.

*Sauti inasikikaje.* Kwa uchaguzi huru, baada ya kampeni huru. Watu husahau kwamba Narodnaya Volya, kundi la mabomu, ndilo lililoandika waziwazi kwamba kazi yake ni kuung'oa utawala na kuukabidhi kwa umma, kisha litaingia kwenye kampeni kama wengine na kuutetea mpango wake mbele ya wapiga kura. Siku tisa baada ya kumuua Alexander II, kamati yake ilimwandikia mwanawe Alexander III barua. Haikutaka kiti cha enzi. Ilitaka mambo mawili: msamaha kwa wafungwa wa kisiasa, na kuitwa kwa wawakilishi wa umma wote waliochaguliwa kwa uhuru. Yakitimizwa, iliahidi, itaweka silaha chini na kuheshimu watakachoamua wawakilishi hao. Jibu lilikuwa kitanzi: Andrei Zhelyabov, Sofia Perovskaya na wenzao watatu walinyongwa tarehe 3 Aprili 1881.

Utaona ufa uliopo. Kikundi kidogo cha siri, ambacho hakuna aliyekipigia kura, kinajaribu kuilazimisha dola iitishe kura. Wao wenyewe waliuona ufa huo, ndiyo maana ahadi ya kutii ikarudiwa mara nyingi katika maandishi yao.

*Umma ukisema "hapana".* Kwa nadharia, unatii, unarudi kujipanga, unagombea tena. Kwa vitendo, si kila aliyelitetea bunge alikubali sharti hilo. Katika mkutano mkuu wa Wasoshalidemokrasia wa 1903, ulioanzia Brussels na kumalizikia London, mjumbe mmoja aliuliza kama kanuni za demokrasia zina thamani ya kudumu au ziko chini ya maslahi ya chama. Georgi Plekhanov, mwanafikra mkuu wa Umarx wa Kirusi, akajibu kwamba mafanikio ya mapinduzi ndiyo sheria kuu; bunge likiwa zuri lidumishwe, likiwa baya livunjwe, hata baada ya wiki mbili. Mkutano huohuo ndio uliopitisha programu yenye maneno "samoderzhavie ya umma". Mtu mmoja akisoma kumbukumbu za mkutano ule haraka haraka anaweza kudhani ni vyama viwili tofauti.

Mtihani wenyewe ulikuja baada ya tsar kuanguka. Kuanzia Machi 1917 kila mtu alisema "tungojee Bunge la Katiba": ardhi ingoje, umbo la dola lingoje. Serikali ya Muda, iliyoshika nchi baada ya tsar, ikausogeza uchaguzi kutoka Septemba hadi Novemba, vita vikiendelea na wakulima wakijigawia mashamba ya makabaila bila kumngoja mtu. Uchaguzi ulipofanyika, na wanawake nao wakapiga kura, zilihesabiwa kura zaidi ya milioni 40. Chama cha Wanamapinduzi wa Kisoshalisti, warithi wa Narodnaya Volya, kilipata takriban asilimia 40. Wabolsheviki, mrengo wa Wasoshalidemokrasia ulioongozwa na Lenin na uliokuwa umekwishatwaa madaraka Oktoba, walipata takriban asilimia 24, wakiongoza Petrograd (jina la St Petersburg wakati huo) na Moscow na katika majeshi ya karibu na miji hiyo.

Bunge lilikaa siku moja. Lilifunguliwa tarehe 5 Januari 1918 katika Kasri la Tauride, siku ambayo maandamano ya kuliunga mkono yalipigwa risasi barabarani. Viktor Chernov, kiongozi wa Wanamapinduzi wa Kisoshalisti, alichaguliwa mwenyekiti kwa kura 244. Likakataa kujadili azimio ambalo Wabolsheviki walitaka lipitishwe kwanza, nao wakatoka nje. Alfajiri baharia Anatoly Zheleznyakov akamwambia Chernov kwamba kikao kifungwe kwa sababu walinzi wamechoka. Wajumbe wakapitisha kwa haraka misingi ya sheria ya ardhi, wakaitangaza Urusi jamhuri ya kidemokrasia na ya shirikisho, wakaenda nyumbani. Mchana walikuta milango imefungwa.

Wanaolitetea bunge huishia hapo. Anayesoma kwa haki lazima aongeze kwamba vijijini, kwa waliolipigia kura, hakukuwa na mtikisiko mkubwa. Mkulima alikwishapata ardhi. Kura yake ilikuwa ya kweli, lakini alichokuwa anakitafuta kwa kura hiyo kilikuwa tayari mkononi. Na wajumbe waliojaribu kulifufua bunge huko Samara katikati ya 1918 walibanwa na Wekundu, yaani jeshi la Wabolsheviki, upande mmoja, kisha upande wa pili wakamalizwa na majenerali wa Weupe, wapinzani wa mapinduzi, ambao nao hawakuwa na haja na bunge lolote.

*Inamfaa nani.* Anayeandika kuhusu katiba, uchaguzi au uhalali wa serikali za mpito. Pia anayetaka kuona kwa karibu jinsi utaratibu ulio sahihi unavyoweza kufika umechelewa.

2. Kijiji na shirikisho: umma hausemewi

*Umma ni nani.* Watu wenyewe mahali wanapoishi na kufanya kazi. Alexander Herzen, aliyeondoka Urusi 1847 na baadaye kuchapisha gazeti la Kolokol akiwa London, alikata tamaa na Ulaya alipoona mapinduzi ya 1848 yakizimwa. Akageuza macho kwenye *mir*, jumuiya ya kijiji cha Kirusi. Katika mir ardhi haikuwa ya mtu mmoja. Iligawanywa upya kila baada ya muda kufuatana na ukubwa wa kaya, na uamuzi ulifanywa na mkutano wa wakuu wa kaya. Herzen akauliza: kwa nini tuagize demokrasia kutoka Paris, ilhali mbegu yake imo shambani kwetu?

*Sauti inasikikaje.* Moja kwa moja, uso kwa uso. Mikhail Bakunin alilisukuma wazo hili hadi ukingoni katika kitabu chake cha 1873 kuhusu dola na anakia, yaani maisha bila dola. Uwakilishi, alisema, ni kiini macho. Mchukue mfanyakazi umweke bungeni: kuanzia siku hiyo si mfanyakazi tena, ni mtawala anayewatazama wafanyakazi kutoka juu. Wafuasi wa Marx waliposema kwamba tabaka zima la wafanyakazi litatawala, akawauliza swali ambalo hadi leo halijazeeka: Wajerumani wako karibu milioni 40, je, wote milioni 40 watakuwa serikalini? Badala ya dola alitaka jumuiya na vyama vya kazi vinavyoungana kutoka chini kwenda juu, kila kimoja kikiwa huru kujitoa.

Wengi humdhania Bakunin alikuwa mpenzi kipofu wa kijiji. Sivyo. Katika kitabu hichohicho alitaja maovu matatu ya maisha ya mkulima wa Kirusi: ubabe wa baba, mtu kumezwa na mir, na imani kwa tsar. Lile la kwanza lina uzito wake hapa: mkutano wa kijiji ulikuwa wa wakuu wa kaya, na mkuu wa kaya kwa kawaida alikuwa mwanamume. "Uso kwa uso" ilikuwa uso wa nusu ya kijiji.

*Umma ukisema "hapana".* Hapa ndipo fikra hii ilipoonja pilipili mapema kuliko nyingine zote. Kiangazi cha 1874 vijana wasomi kwa mamia walivaa nguo za kikulima wakaenda "kwa umma". Walitarajia kukuta moto unaongoja kupulizwa. Walikuta watu wanaomlaumu kabaila na kumsubiri tsar mwema, na baadhi ya vijana wakaishia mikononi mwa polisi kwa taarifa za wanakijiji. Mamia walikamatwa, na kesi kubwa ya washtakiwa 193 ikafuata mwaka 1877.

Wenye subira walijibu kwa kukaa vijijini kama waganga, walimu na makarani. Wengine walijibu kwa ujanja. Mwaka 1877, wilayani Chigirin nchini Ukraine, Yakov Stefanovich na wenzake waliwaonyesha wakulima waraka uliodaiwa kutoka kwa tsar mwenyewe, ukiwaagiza waunde jeshi la siri dhidi ya makabaila. Wakulima kama elfu moja walikula kiapo kabla njama haijagundulika. Nadhani kisa hiki kina mafunzo kuliko sura nyingi za nadharia: umma unaodaiwa kuwa mwenye enzi unadanganywa kwa saini ya mfalme ili uasi. Wanamapinduzi wenzake wengi walikilaani, na hilo nalo liandikwe.

Peter Kropotkin, mwanaanakia kama Bakunin, aliirudisha fikra hii kwenye adabu. Kwake ushirikiano ni tabia ya viumbe, si ndoto, na kazi ya mwanamapinduzi ni kuondoa kinachouzuia. Alirudi Urusi 1917 akiwa mzee, na Machi 1920 alimwandikia Lenin kwamba nchi ni ya mabaraza kwa jina tu. Wanaotawala ni kamati za chama. Alifariki Februari 1921.

Swali ambalo fikra hii haijibu vizuri ni la mambo yanayovuka kijiji. Reli, vita, njaa ya mji usiolima: nani anaamua jumuiya mia moja zikisema ndiyo na mia moja zikisema hapana? "Kila mmoja afuate lake" hutosha kwa mambo mengi, lakini mkate wa Petrograd haukuwa mmoja wao.

*Inamfaa nani.* Anayeshughulikia serikali za mitaa, ardhi ya jumuiya, vyama vya ushirika, au anayetaka darubini ya kukagua kila anayesema "sisi wawakilishi wa wananchi". Kama silaha ya kukosoa, hakuna inayokata kuliko hii.

3. Kikundi kinachotangulia: umma utashukuru baadaye

Hili nitalipitia kwa kifupi, kwa kuwa lina hoja moja tu, ingawa ni nzito.

*Umma ni nani.* Wote, lakini kesho. Umma wa leo umelala, umefungwa macho na utumwa. Sensa ya 1897, ya kwanza ya nchi nzima, ilikuta wanaojua kusoma ni takriban asilimia 21. Wenye fikra hii wangekuuliza: hiyo ndiyo sauti unayotaka kuihesabu?

*Sauti inasikikaje.* Kwa anayeisema kwa niaba. Pavel Pestel, kiongozi wa Jumuiya ya Kusini miongoni mwa waasi wa 1825, aliwazia jamhuri yenye kura pana kuliko ya Muravyov. Lakini kabla ya jamhuri aliweka serikali ya muda yenye mamlaka ya kidikteta kwa miaka kumi au zaidi, iandae nchi. Pyotr Tkachev, aliyeanzisha gazeti la Nabat mwaka 1875 akiwa uhamishoni, alisema waziwazi zaidi: umma peke yake hauwezi kujikomboa, wachache waliojipanga waikamate dola sasa, kabla ubepari haujaota mizizi, kisha waitumie kuigeuza jamii. Ukingoja wengi wawe tayari, utangoja milele.

*Umma ukisema "hapana".* Haujasema. Umesemewa na hofu yake. Unaona ugumu: hakuna jibu lolote la umma linaloweza kumshtua mwenye fikra hii, kwa sababu kila "hapana" ni ushahidi zaidi kwamba haujaamka. Kwa upande mwingine, usimdharau. Aliona jambo ambalo wa bunge hawakutaka kulitazama: kwamba mtu anayemwogopa kabaila, mchungaji na polisi hapigi kura yake mwenyewe. Na alikuwa mkweli. Wengine waliofanya alichokisema walikificha.

*Inamfaa nani.* Anayechunguza serikali za mpito za kijeshi, vyama vya ukombozi vinavyogeuka dola, au maana ya neno "muda" katika "serikali ya muda".

4. Baraza, yaani soviet: umma husema kutoka kazini

*Umma ni nani.* Wavujajasho: wafanyakazi, askari, wakulima. Anayeishi kwa jasho la mwingine hayumo.

*Sauti inasikikaje.* Soviet maana yake ni baraza, na Kiswahili hapa kina bahati, kwa kuwa neno letu lina harufu ileile ya watu waliokaa kushauriana. Halikubuniwa na chama. Mei 1905, katika mji wa viwanda vya nguo wa Ivanovo-Voznesensk, wagomaji walichagua wajumbe wa kuzungumza na wenye viwanda, na wajumbe wakaanza kusimamia mji: ulinzi, bei, utulivu. Oktoba mwaka huo St Petersburg ikapata lake. Wabolsheviki wa mji huo walilitilia shaka mwanzoni, wakitaka likubali programu ya chama. Lenin ndiye aliyeona mapema kwamba hapa kuna kitu kikubwa.

Mwaka 1917 Baraza la Petrograd lilipokea mjumbe mmoja kwa kila wafanyakazi elfu moja na mmoja kwa kila kombania ya askari. Ukikutana na mjumbe wako kiwandani asubuhi na hujaridhika naye, unaweza kumwondoa na kumtuma mwingine. Katika kitabu alichokiandika mafichoni kiangazi hicho kuhusu dola na mapinduzi, Lenin alijenga nadharia juu ya tabia hiyo, akichukua mfano wa Komuni ya Paris ya 1871, serikali ya waasi iliyoushika mji huo kwa wiki chache: kila mwenye cheo achaguliwe na aweze kuondolewa wakati wowote, alipwe mshahara wa mfanyakazi, na wanaotunga sheria ndio waitekeleze. Ukimsoma baada ya Bakunin utashangaa jinsi walivyo majirani katika kurasa zile.

Hoja yake dhidi ya bunge nayo isisomwe kama kisingizio tupu. Orodha za wagombea wa Wanamapinduzi wa Kisoshalisti, alisema, zilitengenezwa kabla chama hicho hakijapasuka. Mkulima aliyeunga mkono mrengo wa kushoto alilazimika kuipigia orodha iliyojaa watu wa kulia. Baraza linafuata mabadiliko ya watu kila wiki, bunge ni picha iliyopigwa siku moja. Rosa Luxemburg, mwanamapinduzi wa Kimarx aliyeandika akiwa gerezani Ujerumani mwaka 1918, alikiri kwamba orodha zilikuwa zimepitwa na wakati, kisha akauliza swali jepesi: basi kwa nini hamkuitisha uchaguzi mpya?

*Umma ukisema "hapana".* Kuna mara moja jibu lilikuwa zuri. Amri ya Ardhi ya tarehe 26 Oktoba 1917 ilinakiliwa kutoka maagizo 242 ya wakulima yaliyokusanywa na wapinzani wa Lenin, na haikuwa mpango wa chama chake. Alipozomewa ukumbini alijibu kwamba haijalishi nani ameiandika. Serikali ya kidemokrasia haiwezi kupuuza uamuzi wa umma hata kama haukubali.

Baada ya hapo majibu yakawa mafupi. Katika majira ya kuchipua ya 1918, mabaraza ya miji kadhaa yalipowachagua Wamensheviki, mrengo wa pili wa Wasoshalidemokrasia, na Wanamapinduzi wa Kisoshalisti, mengi yalivunjwa. Juni vyama hivyo vikafukuzwa katika kamati kuu ya mabaraza. Katiba ya Julai 1918 ilihesabu mjumbe mmoja kwa wapiga kura 25,000 wa mjini, na mmoja kwa wakazi 125,000 wa mikoani, ikawanyima kura wafanyabiashara, makasisi, waajiri na polisi wa zamani. Umma ulikuwa umepimwa kwa mizani mbili.

Pigo la mwisho lilitoka ndani ya nyumba. Februari 1921 mabaharia wa Kronstadt, ngome ya wanamaji karibu na Petrograd, waliokuwa fahari ya mapinduzi, waliandika azimio ambalo dai lake la kwanza ni hili: kwa kuwa mabaraza yaliyopo hayaonyeshi utashi wa wafanyakazi na wakulima, yachaguliwe upya kwa kura ya siri. Hawakulitaka Bunge la Katiba. Walitaka soviet iwe soviet. Jeshi lilivuka bahari iliyoganda na kuwazima, kazi ikakamilika tarehe 18 Machi, siku Komuni ya Paris ilipotimiza miaka 50.

*Inamfaa nani.* Anayesoma vyama vya wafanyakazi, migomo, haki ya kumwondoa mwakilishi, au uhusiano wa chama na vyombo vya umma. Pia anayetoka kwenye nchi iliyowahi kuwa na chama kimoja: Walter Rodney, mwanahistoria kutoka Guyana, alipofundisha mapinduzi haya katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1970, hakuwa anasimulia habari za mbali.

Uchague vipi?

Kama una insha moja tu na wiki mbili, shika bunge. Ushahidi wake umekusanyika pamoja, kuanzia barua ya Machi 1881 hadi asubuhi ya tarehe 6 Januari 1918, na swali lake linajipanga lenyewe: kura ya mwaka jana ina uzito gani leo? Ila usiandike bila Amri ya Ardhi pembeni, la sivyo hutaeleza kwa nini wapiga kura walinyamaza.

Kama unajiandaa kwa mdahalo na umepewa upande wa kupinga uwakilishi, mshike Bakunin na milioni 40 zake. Ukipewa upande wa kuutetea, mpinzani wako mkali atatoka hapohapo, kwa hiyo msome yeye kwanza. Mwenye kutetea ataponea kwenye suala la mambo yanayovuka kijiji.

Kama kundi lenu linasoma habari za ukombozi na serikali zilizofuata, anzeni na Tkachev ingawa hapendezi. Yeye ndiye atakayewapa lugha ya kumtambua mwenzake akija na jina jingine. Kisha mruke moja kwa moja hadi Kronstadt, mwone mwisho wa safari.

Kama ninyi ni wa chama cha wafanyakazi, soviet ndiyo yenu, lakini ianzieni 1905 wala si Oktoba 1917. Ivanovo-Voznesensk inaonyesha baraza kabla halijapata mwenyewe. Mkilianza na Oktoba mtadhani lilizaliwa na chama.

Na kama umeombwa uchague wawili wa kulinganisha, nisingemchukua Lenin na Chernov, jozi ambayo kila mtu huichukua. Ningewaweka meza moja Lenin wa kiangazi cha 1917 na mabaharia wa Februari 1921. Kuhusu umma ni nani, wanakubaliana. Kuhusu sauti yake inasikikaje, wanakubaliana pia, karibu neno kwa neno. Wanaachana kwenye swali la tatu tu.